Barua ya wazi: Andikeni jina la mdogo wangu

Kwa Waheshimiwa mliopewa dhamana ya mambo ya nje, ajira za ng'ambo na usalama wa raia,
Nairobi.

Januari 2026

KUH: WAKENYA WALIO KATIKA MAHANDAKI YA VITA VYA URUSI NA UKRAINE

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya umma huko Magharibi mwa Kenya, kifungua mimba wa mama mwenye watoto watano. Barua hii inamhusu wa nne. Jina lake sitalitaja hapa, kwa sababu kama yu hai sitaki walio juu yake wajue kwamba dada yake anapiga kelele. Ninyi jina mnalo. Nimelijaza kwenye fomu zenu mara tatu, pamoja na nambari ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na kovu la jembe lililo kwenye goti la kushoto.

Sikukimbilia hadharani. Tangu Oktoba 2025 nimefika kwenye kaunta moja ya ofisi zenu mara sita, kila safari basi la usiku kwenda na la usiku kurudi ili niwahi zamu. Mara ya kwanza niliambiwa nilete nakala ya pasipoti. Mara ya pili fomu ya kwanza haikuonekana. Mara ya tatu aliyekuwa na faili alikuwa semina Naivasha. Mara ya nne na ya tano niliambiwa "tunafuatilia", na nilipouliza mnafuatilia wapi na kwa nani, nikajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kidiplomasia. Mara ya sita, juma lililopita, askari wa langoni alinitambua kabla sijatoa kitambulisho. "Madam, bado?" akaniuliza. Katika jengo lile lote, huyo ndiye pekee aliyewahi kuniuliza swali lisilohusu karatasi.

Mdogo wangu aliondoka Agosti 2025. Alikuwa amefanya kazi ya ulinzi Doha miaka miwili, akarudi na pesa za kununua pikipiki, na bodaboda hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye, mkewe na mtoto wao mmoja. Ajenti alimtafuta kwa simu: kazi ya ghala nchini Urusi, kupakia mizigo, chakula na malazi juu ya kampuni, mshahara ambao mimi mwenye diploma na miaka kumi na minne wodini sijawahi kuuona. Tiketi alilipiwa, viza alitafutiwa. Hapo ndipo tungeshtuka. Nani anakulipia nauli ya ndege uende kubeba magunia? Lakini bili ya hospitali ya marehemu baba ilikuwa haijalipwa, na hati ya shamba ilikuwa imeshikiliwa. Tukamsindikiza hadi steji tukiimba.

Alipofika alipewa karatasi za Kirusi, akaambiwa ni za bima na makazi, akatia sahihi. Pasipoti ilichukuliwa usiku huohuo. Siku ya tatu alivalishwa magwanda. Mafunzo yalikuwa wiki tatu kasoro, na mkalimani wao alikuwa programu ya simu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hamjui, au mnajifanya hamjui, mahali alipo ni mahali pa namna gani.

Afisa mmoja aliniambia nisiwe na wasiwasi, "wageni huwekwa kambini." Naomba niwaeleze kambi hiyo kama nilivyoelezwa na aliyelala ndani yake. Simu haziruhusiwi mstari wa mbele, kwa hiyo yote ninayoyajua kuhusu kambi hiyo yalikuja kwa jumbe za sauti za siku mbili tu, alipotolewa na kupelekwa kwenye ghorofa ya chini ya nyumba iliyobomoka, nyuma kidogo ya mapigano. Alikuwa amekaa handakini siku 23.

Ukisikia handaki unafikiria zile picha za Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye vitabu vya historia, mtaro mrefu na askari wamejipanga bega kwa bega. La kwake lilikuwa shimo la watu watatu chini ya miti iliyopandwa kukinga upepo kati ya shamba na shamba. Urefu wake kitanda na nusu, kina cha kifua, juu magogo, udongo na matawi. Mtaro mrefu siku hizi ni hatari kwa sababu droni huuona kutoka juu kama sisi tunavyouona mfereji wa maji, ndiyo maana watu hutawanywa wawili wawili, watatu watatu, kila kundi na shimo lake, jirani yako akiwa mbali kiasi kwamba ukipiga kelele hasikii.

Hawakupelekwa kwa gari. Kilomita nyingi kabla ya mstari wa mbele, gari linalotembea ni gari linalowindwa. Walishuka wakatembea kwa miguu usiku mbili, mchana wakijificha vichakani, kila mtu na bunduki, risasi, makopo ya chakula, maji na sepetu fupi ya kuchimbia. Aliukadiria ule mzigo kuwa nusu gunia la mahindi, na gunia anajua kulikadiria. Walioanza safari walikuwa watano. Walioingia shimoni ni watatu: yeye, kijana wa Kikameruni, na Mrusi mtu mzima aliyetolewa gerezani ili aende vitani. Walielewana kwa vidole.

Mchana hakuna kutoka. Haja ndogo kwenye chupa, kubwa kwenye mfuko wa plastiki unaorushwa nje giza likiingia. Moto hauwashwi, kwa sababu mchana moshi unaonekana na usiku kuna kamera zinazoona joto, hata la mwili wa mtu. Walipasha kopo la nyama juu ya mshumaa mpaka mafuta yaliyoganda yakalegea, wakala hivyo. Maji waliletewa na droni za upande wao, chupa za nusu lita zilizoviringishwa kwa plasta, nyingine zikapasuka zikitua. Kuna siku nne mfululizo ambazo hakuna kilicholetwa. Walitandaza nailoni wakakinga mvua, wakaichuja kwa fulana ya Mkameruni. Panya walikula mkate, wakala kamba za viatu, wakawa wanapita usoni mtu akisinzia. Mimi kama muuguzi hapo sikuwaza mkate. Katika majira ya baridi ya mwaka 2023 panya walijaa kwenye mahandaki ya pande zote mbili, na upande wa Ukraine uliripoti askari wa Urusi kuugua homa ya panya, ile inayoshambulia figo.

Kuhusu mlio wa droni alisema: "Dada, ni kama pikipiki imewashwa mbali. Inakuja, inakuja, halafu inasimama juu yako." Yeye ni mtu wa bodaboda. Nimejiuliza akirudi atafanya kazi gani.

Zipo droni ambazo mitambo ya kukatiza mawimbi haiziwezi, kwa sababu zinaongozwa kwa uzi mwembamba wa kioo unaofunguka nyuma yake kama uzi kwenye kibiringo cha cherehani. Uzi ukishatumika hubaki hapohapo shambani. Alisema asubuhi yenye umande jua likichomoza, shamba zima humeremeta, kana kwamba buibui wamekesha wakifuma. Katika jumbe zote kumi na moja nilizo nazo, hapo tu ndipo nilipomsikia yule kijana tuliyemlea, anayeweza kusimama njiani akishangaa kitu na kuchelewa alikotumwa.

2. Miguu.

Hili naliweka peke yake kwa sababu ni kazi yangu.

Aliponitumia picha nilikuwa zamu ya usiku, kati ya sindano ya saa nane na kuandika chati. Niliifungua nikidhani ni ya mtoto wake. Ilikuwa nyayo mbili juu ya gunia, nyeupe kama ugali uliolowekwa, zimejikunja ngozi, katikati ya vidole zambarau, na kidole kidogo cha kulia kimeanza kuwa cheusi. Chini ameandika: sihisi kitu nikikanyaga.

Kiswahili hakina jina lake la siku zote, kwa kuwa kwetu ni nadra mtu kusimama kwenye tope baridi wiki tatu bila kuvua viatu. Waganga wa majeshi ya Ulaya waliuita mguu wa handaki. Si lazima baridi iwe ya kugandisha. Unyevu, kiatu kilichobana na kukaa bila kujongea vinatosha kuziba mishipa midogo, nyama inakosa damu, inakufa ganzi, halafu inaoza. Katika vita vya 1914 hadi 1918 jeshi la Uingereza pekee lilihesabu wagonjwa wapatao 75,000. Mwanzoni makamanda walidhani ni uvivu wa askari. Baadaye wakapata akili: soksi kavu kila siku, miguu ipakwe mafuta ya nyangumi, askari wapangwe wawili wawili kila mmoja akague miguu ya mwenzake, na afisa ambaye kikosi chake kinaugua ajieleze. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita ilishajulikana kwamba mguu wa askari ni dhamana ya mkubwa wake.

Nilimwandikia kama ninavyomwelekeza mgonjwa. Vua viatu. Kausha, usisugue. Inua miguu juu ya kitu. Usiisogeze kwenye moto hata kama inauma, utaiunguza bila kujua. Badilisha soksi kila baada ya saa chache. Alinijibu kwa sauti, na alikuwa akicheka kweli. "Dada, kavu ni nini?" Alikuwa na jozi mbili za soksi. Moja alikuwa amemfungia Mkameruni kidonda. Iliyobaki alikuwa akivaa mifuko ya mkate juu yake, halafu kiatu.

Nikamuuliza Mkameruni yuko wapi. Kipande cha bomu kilimkata mguu wa juu, wakambana mkanda wa kuzuia damu, wakaomba msaada kwa redio. Msaada ulifika usiku wa pili. Nyote mna madaktari wenu, waulizeni: mkanda ule ukikaa saa mbili ni sawa, ukipita saa sita mguu huwa haurudi tena. Ulikaa zaidi ya saa 30. Walimbeba kwenye blanketi. Kama alifika, mdogo wangu hakujua.

Mganga wa kikosi alimpa yeye vidonge vya maumivu na kumwandikia kwamba anafaa kurudi. Ujumbe wa mwisho ni wa tarehe 19 Novemba 2025, saa moja kasoro jioni kwa saa zetu: "Tunarudi leo. Mwambie mama nimepata kazi ya ndani." Mama alipousikia alimshukuru Mungu. Alidhani ni kazi ya ndani ya nyumba, ya kupika au kufagia. Sijamsahihisha.

3. Mkataba hauishi.

Kwenye kaunta ileile niliambiwa mkataba ni wa mwaka mmoja, kwa hiyo "subirini Agosti." Ninyi mna wanasheria, lakini hili hata sisi wa bando za simu tumelipata: tangu amri ya Rais wa Urusi ya tarehe 21 Septemba 2022 ya kuita askari wa akiba, mikataba ya kijeshi huendelea kuwa halali mpaka amri yenyewe iondolewe, na haijaondolewa. Mwaka mmoja ulioandikwa kwenye karatasi ni wa kumtuliza anayetia sahihi. Mnaposema tusubiri Agosti mnatupa tarehe ambayo haipo.

4. "Walijitakia."

Najua neno hili litasemwa, kwa sababu nimeshalisikia, tena kwa sauti ya chini nikiwa bado sijafika mlangoni. Wacha nilijibu.

Kwanza, wapo walioenda wakijua. Siwezi kuwasemea wote. Wapo vijana waliosikia jeshi, wakapiga hesabu ya mshahara, wakasema liwalo na liwe. Hao nao ni raia, na mama zao hawajui kutofautisha. Lakini Septemba 2025 ni polisi wetu wenyewe waliovamia nyumba moja Athi River na kuwatoa vijana zaidi ya ishirini waliokuwa wakiandaliwa safari hiyo. Novemba 2025 Waziri mwenye dhamana ya mambo ya nje alisema hadharani kwamba Wakenya zaidi ya 200 wanaaminika kuingizwa katika vita hivi, na kwamba mitandao ya kuwasajili ingali hai. Mtu hawezi kutangaza kwamba kuna mtego halafu aliyenasa akaambiwa alijitakia.

Pili, Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010 imeshalimaliza suala hili. Mtu akisafirishwa kwa udanganyifu ili anyonywe, ridhaa yake si utetezi wa aliyemsafirisha. Sahihi kwenye karatasi ya lugha usiyoijua ni ridhaa ya aina gani?

Tatu, na hili ndilo linalozinyamazisha familia nyingi: kanuni zetu za adhabu zinamkataza raia kuingia jeshi la nchi nyingine bila idhini ya Rais. Ajenti wanaijua sheria hiyo kuliko sisi. Wanawaambia vijana wakirudi watafungwa, na wanawaambia wazazi wakilalamika watamfungisha mtoto. Jirani yetu ana kijana huko. Aligoma kuja nami ofisini kwenu kwa sababu hiyo tu.

5. Sheria inawapa saa 48. Mimi nimesubiri miezi mitatu.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, iliyotokana na Ibara ya 35 ya Katiba, inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21, na ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Ombi langu la maandishi lilipigwa muhuri mbele yangu Oktoba. Nakala ninayo. Sikuuliza siri za kijeshi. Niliuliza mambo matatu: je, jina lake liko kwenye orodha yoyote mliyonayo, je, mmeiuliza Urusi kama yu hai, ameumia, ametekwa au amefariki, na kama mmeuliza, mlijibiwa nini. "Hatujui" ingekuwa jibu. "Tumeuliza tarehe fulani, hawajajibu" ingekuwa jibu kubwa zaidi.

Mkisema nchi ndogo haiwezi kuisukuma nchi kubwa, nitawauliza kuhusu Nepal. Si nchi kubwa wala tajiri, lakini Januari 2024 ilisimamisha vibali vya raia wake kwenda kufanya kazi Urusi na Ukraine. India, baada ya kiongozi wake kulizungumza jambo hili Moscow Julai 2024, ilianza kurudishiwa watu wake. Mnamo Januari 2025 wizara yao ya nje iliweka hesabu mezani: raia 126 walioingia jeshi hilo, 96 wamesharudi, 12 wamefariki, 16 hawajulikani walipo. Afrika Kusini nayo, Novemba 2025, ilitangaza kwamba vijana 17 wameomba msaada kutoka Donbas, eneo la mashariki mwa Ukraine linalopiganiwa, na Rais wao akaagiza uchunguzi. Hesabu ya India ina watu waliokufa na waliopotea, na bado naionea wivu. Kila mmoja katika ile 16 ana mahali alipoandikwa.

Niruhusuni kidogo nitoke nje ya mada, ingawa sioni kama natoka. Babu ya baba yangu alichukuliwa na chifu mwaka 1917 kwenda kubebea jeshi la Waingereza mizigo, kule Tanganyika walikopigana na Wajerumani. Waingereza walikiita kikosi hicho Carrier Corps; Karia Koo, kama wazee wanavyoitamka. Hakurudi. Familia haikupata barua, haikupata mshahara wake, haikuambiwa kama ni kuhara, malaria au risasi. Nairobi kuna Kariokor, Dar es Salaam kuna Kariakoo, tunanunua viazi na mitumba juu ya jina lao. Na pale Kenyatta Avenue pamesimama sanamu zenye maneno yanayowaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Nimezunguka mnara ule mara mbili nikisubiri basi. Hakuna hata jina moja lililochongwa.

Ninayoomba, Waheshimiwa, hayahitaji bajeti ya ziada.

Fungueni orodha moja, ofisi moja, yenye mtu mmoja anayejulikana, ambayo familia yoyote ya Mkenya aliye katika vita hivi inaweza kuandikisha jina na kupewa nambari ya faili isiyopotea. Nambari ndiyo ninayotaka kwanza. Kila jina lililoandikwa lipelekwe kwa maandishi kwa serikali ya Urusi likiwa na ombi la kuachiliwa, na kwa Msalaba Mwekundu wa kimataifa, ambao kazi yao tangu zamani ni kutafuta watu waliopotea vitani. Wapo Wakenya waliotekwa na kushikiliwa upande wa Ukraine. Hao wana haki za mateka wa vita, na wanastahili kutembelewa na mtu wa ubalozi anayeongea lugha yao na kuwauliza nani mwingine walimwona.

Semeni hadharani, kwa kauli isiyo na mafumbo, kwamba kijana aliyedanganywa hatashtakiwa akirudi. Siku mtakayosema hivyo jirani yangu atapanda basi nami. Na ajenti ashtakiwe yeye. Aliyemsafirisha mdogo wangu alibadilisha laini ya simu tu. Picha yake ya wasifu ni ileile, na juzi alikuwa akitangaza kazi za udereva.

La mwisho ni gumu kuliandika. Chukueni sampuli za damu au mate za wazazi na watoto wa wasiojulikana walipo, zihifadhiwe. Maelfu ya miili imekuwa ikibadilishanwa kati ya pande hizi mbili tangu mwaka jana, mingi haitambuliki kwa sura. Mwili wa Mkenya ukikaa kwenye jokofu lisilo na sampuli ya kulinganisha, utazikwa huko ukiwa namba. Sampuli ya mama naweza kuichukua mimi mwenyewe wodini kwetu, mkinipa pa kuipeleka.

Nasema hivyo kwa sababu nyumbani mambo hayasimami. Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, wazee hukata mgomba wakauzika badala yake, ili walio hai waendelee na maisha. Mkesha wa Krismasi walikuja wanne kumwambia mama kwamba wakati unakaribia. Mama aliwapikia, wakala, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia chumbani akatoka na soksi sita za sufu, jozi tatu, alizozifuma mwenyewe tangu nilipoteleza ulimi nikataja miguu. Akaziweka mezani katikati ya sahani. "Mtu wa kuzikwa hafumiwi soksi," akasema. Wazee waliaga.

Mgomba umesimama pale nyuma ya jiko. Soksi ziko kwangu, kwa sababu mama anaamini mimi ndiye ninayejua zinakopelekwa.

Nambari yangu ya simu iko kwenye fomu, ukurasa wa kwanza, mstari wa nne. Juma hili niko zamu ya usiku. Mnaweza kupiga hata saa nane, nitapokea.

Wenu mtiifu,

Muuguzi, dada yake mkubwa